Mama Aliyekamua Vyeti

Ukiniuliza nani aliniwezesha kusoma chuo kikuu nikiwa tayari baba wa watoto wawili, nitakutajia mama wa stesheneri pale Majengo. Ukiniuliza nani alinikosesha ajira ya serikali, nitakutajia huyo huyo. Wenzangu wananiambia niache, yameshapita. Mimi sijaacha, na ndiyo maana naandika.

Sisi wateja wake tulimwita Mama Stesheneri, naye aliitika bila kinyongo. Chumba chake kilikuwa na kompyuta mbili, mashine ya kopi iliyonguruma hata ikiwa haina kazi, na benchi moja refu la mbao. Kwenye benchi hilo waliketi watu wa Peramiho, wa Namtumbo na wa Tunduru, kila mmoja amebana bahasha ya kaki kwapani. Walikuja kuomba vyuo, mikopo ya wanafunzi, vyeti vya kuzaliwa na ajira. Kila kitu kilikuwa kimehamia mtandaoni, na mtandao wenyewe kwetu Songea ulikuwa unatambaa.

Alikuwa mfupi, mnene kiasi, na mwezi wa sita baridi ikikolea alivaa koti la kiume juu ya dera lake na kujitanda ushungi mpaka usoni. Hakupenda mzaha wakati wa kutuma. Ikifika zamu ya mtu kutuma, alisimama, akaligeukia benchi na kutoa amri ile ile ya kila siku.

"Data zimeni! Wote! Mwenzenu anatuma."

Na watu wazima wenye heshima zao walitoa simu mifukoni wakazima. Hata aliyekuja kutoa kopi tu alizima. Mama aliamini, nasi tukaamini naye, kwamba simu ya aliyekaa karibu inamnyonya anayetuma. Mimi nimesomea sayansi, najua kwamba mji mzima ulikuwa unagombania minara michache, na simu nane za kwenye benchi hazikupunguza wala kuongeza kitu. Lakini nilizima. Siku moja bwana mmoja wa ofisini alikataa, akaendelea kutazama mpira kwenye simu yake. Mama alizikusanya fomu zake, akazipanga vizuri ndani ya bahasha na kumkabidhi kwa mikono miwili.

"Nenda kwa wenye haraka, baba. Hapa tunasubiriana."

Yule bwana alitoka akifoka. Kesho yake alirudi, simu ameizima tangu mlangoni.

Baada ya amri ulikuja ukimya. Mama alisema Bismillahi, akabonyeza mara moja, kisha akaweka kiganja juu ya kipanya ili mwenye fomu asije akabonyeza tena kwa wasiwasi. Kile kiduara kikaanza kuzunguka katikati ya kioo. Nimewahi kuona mzee wa watu anatokwa jasho mbele ya kiduara hicho, na nje kuna baridi. Inapita robo saa, nusu saa, halafu ukurasa unageuka mweupe na kazi yote inaanza upya. Hakuna aliyethubutu kukohoa.

Jambo lililonishangaza kwa miaka mingi ni kwamba mama huyu aliishia darasa la saba. Kurasa nyingi zilikuwa za Kiingereza, na Kiingereza hakukijua. Alijua kitufe kwa mahali kilipokaa na rangi yake. "Bonyeza lile la kijani la chini kulia, siyo la juu, la juu linafuta," alimwambia kijana mwenye shahada, na kijana alitii. Wenye mfumo wakibadilisha rangi, alikaa siku mbili amenuna, akijaribu kitufe kimoja kimoja kwenye fomu ya uongo mpaka alipoijua njia tena. Hapo ukimsemesha ulijibiwa kwa mkato.

Lakini ujuzi uliompa sifa ulikuwa kukamua. Cheti kikipitishwa kwenye mashine, picha yake huwa faili kubwa, na kwa mtandao wetu faili kubwa lilikuwa halifiki popote. Mama alikuwa na programu moja ya kizamani ya kupunguza picha, akajifundisha mwenyewe kulipitisha faili humo mara moja, mara mbili, hadi likawa dogo kiasi cha kupenya.

"Cheti chako kina mafuta mengi, mwalimu," aliniambia siku ya kwanza. "Ngoja nikikamue."

Aliniita mwalimu kabla sijawa mwalimu. Nilikuwa nimekuja kuomba chuo, ni siku ya mwisho, na stesheneri nne nilizopitia zilikuwa zimekwama na vyeti vyangu vizima vizima. Alikamua, akazimisha benchi zima, akabonyeza. Mara tatu ukurasa uligeuka mweupe. Mara ya nne ukaandika maneno ya Kiingereza, nami nikamsomea: imepokelewa. Aligonga meza kwa pete yake akasema, "Mimi sijawahi kupoteza fomu ya mtu." Maneno hayo niliyasikia tena na tena kwa miaka kumi na mitano, mpaka yakawa kero. Siku ile lakini nilitaka kumbusu mikono.

Hakuacha vyeti vya watu kwenye mashine yake. Fomu yako ikishatumwa, alifuta kila kitu mbele ya macho yako. Aliita vyeti amana, na amana hairundikwi, alisema, inarudishwa kwa mwenyewe. Kuna stesheneri ambazo vyeti vya watu vilizagaa mpaka vikatumiwa na matapeli. Kwake hapana.

Tena aliweka namba yake ya simu kwenye fomu zetu. Hili linahitaji maelezo. Fomu ya mtandaoni hudai namba ya mwombaji ili atumiwe meseji, na wengi wetu tuliishi kusikokuwa na mtandao. Mimi baada ya chuo nilikuwa najitolea kufundisha baiolojia kwenye sekondari ya kijiji kimoja huko mbele ya Hanga. Ili kupata mtandao ilibidi mtu apande kichuguu nyuma ya jiko la shule, anyooshe mkono juu, na hata hapo ilikuwa bahati. Kwa hiyo meseji zetu ziliingia kwenye simu ya Mama. Naye alizinakili kwenye karatasi kwa herufi kubwa, akatembea mpaka stendi, akampa konda wa gari la kwetu. Karatasi iliyotoka Songea asubuhi ilinifikia kabla wanafunzi hawajala mchana.

Ninayo moja mpaka leo. Imeandikwa: MWALIMU WAMEKUITA USAILI. NJOO UPESI. UVAE TAI. Nilikwenda, nikavaa tai, nikakosa. Niliporudi kumweleza alikasirika kuliko mimi, akawatolea maneno watu wa usaili ambao hajawahi kuwaona. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Mambo yetu aliyabeba kama ya kwake.

Adui yake alikuwa mnara. Alikuwa na daftari alimoandika saa ambazo mtandao ulikuwa na nafuu: Jumapili watu wakiwa kanisani, Ijumaa wakiwa msikitini, na alfajiri kabla mji haujaamka. Mafundi wa kampuni ya simu walipokuja na gari lao kukagua mnara wa mtaani, aliwafuata na daftari mkononi. Nilikuwepo. Fundi mmoja, kijana mwenye kofia ngumu, alimwambia kwa heshima, "Mama, tunaboresha. Vumilia kidogo."

"Mnaboresha tangu lini? Watoto wa watu wanakosa vyuo, nyie mnaboresha."

"Safari hii ni kweli, mama. Mitambo mipya."

Na safari hiyo ilikuwa kweli, ila kwanza tulikiona cha moto. Meseji zilianza kuingia: ndugu mteja, tunaboresha huduma katika eneo lako, samahani kwa usumbufu. Kwa wiki kadhaa mtandao ulikuwa mbaya kuliko nilivyowahi kuuona. Unakuja, unakatika, unakuja, unakatika. Mama aliongeza kukamua. Mara mbili hazikutosha tena, akafika mara tatu, akafika mara nne. Vyeti vilivyotoka kwake siku hizo vilikuwa vidogo mno, na vilipita.

Halafu siku moja mtandao ukaja. Sijui nieleze vipi. Kurasa zilifunguka kabla hujatoa kidole. Vijana walikaa vibarazani wakitazama video bila kukwama hata mara moja, wakicheka tu. Mji mzima ulifurahi isipokuwa mtu mmoja. Mama aliitazama kompyuta yake kwa mashaka, kama mtu aliyerudishiwa simu na mwizi wake. Aliendelea kuwazimisha watu data. Aliendelea kukamua mara nne, kwa sababu mikono ilikuwa imezoea na kwa sababu hakuuamini mtandao huo.

"Hawa watauzima tena," alisema. "Utaona."

Ndipo tangazo la ajira za walimu likatoka. Mwombaji asizidi miaka arobaini na mitano. Mimi nilikuwa nimebakiza miezi minne. Hilo ndilo lilikuwa tangazo langu la mwisho, nami nilijua hivyo, mke wangu alijua, na Mama alijua maana tarehe yangu ya kuzaliwa aliiandika yeye kwenye kila fomu kwa miaka yote ile. Nilimfikia mapema, zimebaki siku nane kabla dirisha la maombi kufungwa. Nikaketi kwenye kiti, mikono juu ya magoti.

Alikamua. Nilikitazama cheti changu cha shahada kikitokea kwenye kioo. Jina langu lilikuwa kama limepakwa majivu. Nambari za chini hazikuwepo kabisa, palikuwa na mstari wa kijivu. Nilikiona. Nasema wazi kwamba nilikiona, na nikanyamaza, kwa sababu yeye ndiye aliyejua kazi ile na mimi nilikuwa mtu wa zamu. Akasema Bismillahi, akabonyeza, na kabla hajaweka kiganja juu ya kipanya ikaandika imepokelewa. Benchi zima likashangilia. Akafuta vyeti vyangu, akanikabidhi bahasha.

"Safari hii unapata, mwalimu. Nimekuombea."

Nilirudi kijijini nikafundisha kama mtu aliyeshapata. Siku zikapita. Gari la kwetu lilikuja kila siku, nami kila siku nilitoka getini kumtazama konda. Alipunga mkono akapita. Nilijiambia kwamba kukosa karatasi ni dalili njema, kwamba kungekuwa na tatizo Mama angeshaandika.

Majina yalipotoka sikuwemo. Nilipanda gari mpaka mjini, nikafungua akaunti yangu kwenye simu ya rafiki pale stendi, nikasoma maneno nikiwa nimesimama katikati ya watu. Nyaraka hazisomeki. Mwombaji ametaarifiwa kwa simu. Rekebisha kabla dirisha halijafungwa. Na tarehe: walikuwa wameyaandika siku mbili kamili kabla ya kufungwa. Siku mbili, na cheti changu halisi kilikuwa ndani ya sanduku chini ya kitanda changu, safari ya asubuhi moja tu.

Sikumbuki nilivyofika Majengo. Nakumbuka kwamba kwenye kiti aliketi binti mmoja wa Namtumbo anayeomba mkopo wa chuo, na kiganja cha Mama kilikuwa tayari kinaelekea kwenye kipanya.

"Usibonyeze," nilisema.

"Mwalimu, zima data, karibu ukae."

"Mama, shikamoo. Usibonyeze hicho kitu."

Nilimwekea mbele ya macho ile simu niliyoazima kwa rafiki, nikamsomea maneno yale kwa sauti, benchi zima likisikia. Kisha nikakuza picha ya cheti changu mpaka sehemu ya jina langu ikajaa kioo. Lilikuwa tope. Hakuna herufi hata moja ambayo mtu angeapa ni herufi. Mama alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya ushungi, akaivaa tena. Alitazama kwa muda mrefu kuliko kiduara chochote.

"Mimi sijawahi..." alianza, akaishia hapo.

"Walitaarifu kwa simu," nikasema. "Namba iliyopo ni yako. Meseji haikuingia?"

Alinitazama.

"Haikuingia, mwanangu. Si unajua siku zile walikuwa bado wanamalizia minara? Ulikuwa unakatika-katika."

Na watu wa benchi wakaitikia. Ni kweli, ulikuwa unakatika. Mtandao huu umetutesa jamani. Hata mimi niliitikia moyoni, kwa sababu sisi kwa miaka yote hiyo tulikuwa tumeuzoea mtandao kuwa mwenye kosa. Hasira yangu yote niliigeuzia mnara. Mama alimwondoa binti wa Namtumbo kwenye kiti, akaviweka vyeti vyake upya kwenye mashine, akavituma vizima bila kukamua, vikapita hapo hapo. Kisha alifungua daftari la wateja, akaanza kuwapigia mmoja mmoja wote aliowatumia tangu mtandao mpya uje, akiwaambia warudi na vyeti vyao upesi. Wale ambao madirisha yao yalikuwa hayajafungwa aliwaokoa karibu wote. Nilimwonea huruma. Nilimshika bega, nikamwambia asijilaumu.

Miezi minne ikaisha. Shule ikapata mwalimu wa baiolojia mwenye ajira, kijana wa miaka ishirini na sita, nami nikaona aibu kuendelea kujitolea chini yake. Nikarudi kwenye shamba la marehemu baba yangu Namtumbo, kulima tumbaku na mahindi. Sikwenda tena Majengo. Sikuwa na fomu ya kutuma.

Mwaka jana, wakati wa kukausha tumbaku, nilikuwa bani nikifunga majani kwenye fito. Bani ndilo banda letu la kukaushia. Nikamwona mtu anashuka njia ya mahindi polepole, amevaa koti la kiume. Nilimtambua kwa koti. Nikanawa mikono ile gundi ya tumbaku isiyotoka, nikamwamkia, nikamletea kigoda. Amekonda. Alikataa maji, na kwetu mgeni akikataa maji unajua kuna jambo.

"Mama, si ungepiga simu?" nilimwambia. "Siku hizi mtandao upo hata humu bani."

"Hili si la simu." Alitazama mikono yake. "Ile meseji iliingia."

Sikuelewa kwanza. Nikamwuliza meseji gani.

"Ya vyeti vyako. Iliingia asubuhi, mtandao ulikuwa mzima kabisa. Nikaandika karatasi. Nikaenda nayo mpaka stendi, gari lenu limeshawasha injini, konda akanyoosha mkono. Nikarudi nayo."

"Kwa nini?"

"Ingekuwa nimeandika mimi mwenyewe kwamba nimekuharibia. Na konda angesoma, anasoma zote yule. Nikasema nitarekebisha peke yangu, wewe hutajua. Nikarudi dukani nikatafuta cheti chako, nilishakifuta. Nikatoa kile kilichokamuliwa kule kule mtandaoni, nikajaribu kukikuza, nikakituma tena. Siku mbili nilijaribu. Wakakataa. Dirisha likafungwa nimekaa nalitazama."

Moshi wa bani ulikuwa unatuingia machoni sote wawili. Nilishika fito nikaendelea kufunga majani, maana mikono ilitaka kitu cha kushika. Jani la kwanza likachanika. La pili likachanika.

"Sema chochote, mwanangu," alisema. "Hata nitukane."

"Nilikushika bega," nikasema. "Mbele ya watu. Nikakwambia usijilaumu."

"Ndiyo."

"Ukaniacha nikushike."

Alilia bila sauti, akijifuta kwa ushungi, nami nikafunga fito nzima, na nyingine. Mke wangu alichungulia mara moja akarudi ndani. Kulikuwa na wakati ambapo kama angesema neno moja la kujitetea, ningemfukuza na koti lake lile. Hakusema. Alikaa tu kwenye kigoda akisubiri, kama tulivyokaa sisi kwake.

Gari la mwisho la Songea hupita kwetu saa kumi jioni. Ilipokaribia nilinyanyuka nikamsindikiza, kwa sababu mama wa umri ule haachwi apande ile njia peke yake. Nilimshikia mkoba. Barabarani tulisimama upande upande, vumbi likaja, gari likaja, nikamsaidia kupanda na kumwekea mkoba miguuni. Alinigeukia, akangoja.

Neno alilolifuata mpaka Namtumbo nilikuwa nalo mdomoni, na sikulitoa. Mlango wa gari lile haufungi mpaka usukumwe kutoka nje, na konda alikuwa ameshaanza kupiga bati. Nikausukuma kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, nikaangalia kama umeshika vizuri, nikarudi kwenye tumbaku yangu.